Kufufua Volkswagen Beetle Iliyooza Mpaka Ifae Mashindano: Mwongozo Kamili

Kila mwaka, mashindano ya unadhifu wa magari ya Africa Concours d'Elegance yakishapita pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, simu yangu hujaa picha za aina moja. Beetle inang'aa kama kioo, lakini karibu na taa ya nyuma au chini ya mlango kuna vipele vidogo, kama tetekuwanga. Mwenye gari amemaliza akiba yake. Rangi ilikuwa ya bei, fundi ni yule anayesifiwa mtaa mzima. Swali huwa lile lile: nimekosea wapi?

Karibu kila mara kosa halikuwa kwenye rangi. Lilifanyika miezi mingi kabla, siku mtu alipomwaga maji mahali pasipotakiwa maji, au alipokata bati kabla ya kufunga mihimili. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi kwa sababu mpangilio ndio unaowashinda wengi. Nimechagua Beetle kwa kuwa bodi yake inang'oka kutoka kwenye chasi kwa bolti na spea zake mpya bado zinatengenezwa. Kama yako ni 1303, ile yenye kioo cha mbele kilichopinda, sehemu ya mbele ina tofauti kadhaa. Mengine mengi ni mamoja.

Vifaa: viwepo kabla hujafungua bolti ya kwanza

Usianze kwa kusema "nitanunua tukifika hapo." Gari lililofunguliwa nusu likasubiri vifaa miezi minne huwa linauzwa kwa kilo.

- Spana na soketi za 8 hadi 19, hasa 13 na 17 ambazo Beetle inazipenda, na soketi ya 36 ya nati kubwa za ekseli ya nyuma na flaiwili
- Spana ya kipimo cha nguvu (toki)
- Jeki na stendi 4 imara. Matofali si stendi.
- Mashine ya kuchomelea ya MIG yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8, pamoja na gesi yake
- Grinda, diski za kukatia na brashi za waya
- Paipu za chuma za mraba, milimita 25, kama mita 12 hivi
- Bati jeusi la geji 18 kwa sakafu na geji 20 kwa bodi
- Kompresa yenye chujio la maji, na gani ya kupulizia rangi
- Praima ya epoksi, puti, praima ya kujaza yenye hadina (dawa ya kuifanya igande), rangi, klia (tabaka la juu linaloonyesha rangi iliyo chini) kama utaitumia, na thina ya kampuni hiyo hiyo
- Msasa wa namba 80, 180, 320, 400, 600, 1500, 2000 na 3000, na vibao vya kuushikilia
- Mifuko ya plastiki yenye zipu, kalamu isiyofutika, daftari, na simu yenye nafasi ya picha
- Miwani, glavu za ngozi, kizimamoto, na barakoa nitakayoieleza tukifika kwenye rangi

Bati la kuezekea nyumba usiliguse. Ni jembamba mno, na zinki iliyopakwa juu yake ikichomelewa hutoa moshi unaoleta homa na kutapika usiku huo huo.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kulipenda

Namba ya chasi imegongwa kwenye uti wa katikati, chini ya siti ya nyuma. Ipo pia kwenye kibati cha mbele, ndani ya buti (buti ya Beetle iko mbele chini ya boneti, injini iko nyuma). Namba ya injini iko kwenye kasha lake, chini ya mguu wa jenereta. Zote zilinganishe na kitabu cha gari. Zisipolingana, simama hapo hapo. Hakuna rangi itakayoficha hilo siku ya kuhamisha umiliki.

Halafu chukua bisibisi, ugongegonge sehemu hizi: sakafu iliyo chini ya betri (betri ya Beetle hukaa chini ya siti ya nyuma, na asidi yake hula bati), vifereji vya hewa moto vinavyopita chini ya milango yote miwili, shimo la tairi la akiba, na pembe za nyuma bodi inaposhikamana na chasi juu ya shokomzoba. Bisibisi ikizama, jua kuna kazi. Ikizama kila mahali, tafuta gari jingine, hili ulifanye la spea. Nasema hivyo kwa moyo mzito kwa sababu nimewahi kukaidi.

Hatua ya 2: Fungua kwa mpangilio, piga picha kupita kiasi

Piga picha kila kitu kabla hujakigusa: waya zinavyopita, washa zilivyopangana, klipu gani inashika kebo ya spidomita. Kila kundi la bolti lipate mfuko wake na maandishi: "madigadi mbele kulia", "bawaba mlango kushoto juu". Maandishi "bolti mbalimbali" hayatakusaidia baada ya mwaka.

Usitupe kitu. Raba iliyooza na kipande cha zulia kilicholiwa na panya ndiyo sampuli utakayompelekea muuza spea. Nimeona mtu akinunua raba za milango mara tatu kwa sababu ya zamani alikuwa ameichoma moto.

Toa betri kwanza. Kisha petroli yote. Tangi tupu ni hatari kuliko tangi lililojaa, kwa maana mvuke ndio unaolipuka. Litoe kabisa, lipeleke mbali na mahali pa kuchomelea.

Bolti zilizoshika kutu zipulizie mafuta ya kupenyeza jioni, uzifungue asubuhi. Ukilazimisha, zitakatika, na utatumia saa nzima kutoboa kisiki kimoja.

Hatua ya 3: Mihimili kwanza, grinda baadaye

Hapa ndipo nilipoharibu Beetle yangu ya kwanza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Vifereji vile vya hewa moto havileti joto tu. Ndivyo mifupa ya bodi, ndivyo vinavyozuia sehemu ya mbele na ya nyuma zisikutane katikati kama kitabu kinachofungwa. Mimi nilivikata vyote viwili Jumamosi moja, nikifurahia jinsi kazi inavyokwenda mbio. Jumapili nikajaribu mlango. Ulifunga juu, chini ukagoma, ukatoka nje kwa upana wa kidole gumba. Bodi ilikuwa imejikunja. Sikuiona ikijikunja, na hakuna kilicholia. Nilihangaika nayo miezi mitatu na haikurudi sawa kamwe.

Fanya hivi:

1. Milango ikiwa bado imefungwa, angalia nafasi zinazoizunguka. Zipige picha.
2. Toa milango. Pima kwa utepe ukikata pembe: kutoka bawaba ya juu hadi kona ya chini ya nyuma, kisha pembe nyingine. Pande zote mbili. Andika namba ndani ya daftari, na pia kwenye bati kwa kalamu, maana daftari hupotea.
3. Chomelea paipu za mraba: moja ya kulala na moja ya mshazari katika kila uwazi wa mlango, na mbili zinazokata bodi kutoka kushoto kwenda kulia.
4. Pima tena. Namba zikiwa zimebadilika hata milimita 2, kata paipu uchomelee upya.

Baada ya hapo ndipo unang'oa bodi. Bolti zinazoishika kwenye chasi ni karibu 30. Zinazosahaulika ni zile zilizo chini ya tangi la petroli na zile kubwa za nyuma karibu na shokomzoba. Bodi ikikataa kunyanyuka, usiite watu zaidi wavute. Kuna bolti umeiacha. Ukimaliza kweli, watu 6 wanainyanyua wakizungumza habari za mpira.

*Umefaulu ikiwa:* bodi iko juu ya stendi za mbao, namba za pembe hazijabadilika, na hakuna mtu aliyeumia mgongo.

Hatua ya 4: Sakafu, kisha bodi irudi, kisha vifereji

Mafundi wengi huanza na bodi huku chasi ikiwa imetupwa kando. Mpangilio ulio salama ni huu.

Anza na chasi. Kata sakafu iliyooza, safisha ukingo wa uti wa katikati, chomelea sakafu mpya. Weka nukta za kuchomelea kwa umbali wa sentimita 3 hadi 4, rukia upande wa pili, rudi. Ukichomelea mstari mmoja mrefu bila kupumzika, joto litalipinda bati kama karatasi iliyolowa. Kama unaweza kuligusa kwa mkono mtupu, endelea. Kama huwezi, nenda ukanywe chai.

Chasi ikiwa sawa, rudisha bodi juu yake pamoja na mihimili yake, uifunge kwa bolti. Sasa chasi inakuwa kipimo chako. Kata kifereji cha upande mmoja tu. Weka kipya, kishike kwa nukta chache, rudisha mlango na ujaribu. Ukifunga vizuri, malizia kuchomelea. Ndipo uende upande wa pili.

Usikubali fundi akuwekee bati juu ya bati lililooza. Kutu iliyofunikwa haifi. Inaendelea na kazi yake gizani na mwaka unaofuata inatokea upande wako.

Mwishowe puliza nta ya kuzuia kutu ndani ya vifereji kupitia matundu yake, lakini baada ya rangi, si kabla. Nta ikitoka kwenye kiungo wakati wa kupaka, rangi haitashika hapo.

Hatua ya 5: Nafasi za milango, boneti na kifuniko cha injini

Kabla ya puti yoyote, funga madigadi zote, milango, boneti na kifuniko cha injini. Ndiyo, zote, hata kama utazitoa tena kesho.

Tafuta kipande cha plastiki chenye unene wa milimita 4, ukipitishe katika kila nafasi. Kinapobana, legeza bawaba au kwangua. Kinapocheza, sogeza au ongeza uzi wa kuchomelea kwenye ukingo kisha uusage. Waamuzi hawapimi kama ni 3 au 4. Wanatazama kama mstari ni sawa kutoka juu hadi chini.

Wengi hupima wakiwa hawajavalisha raba ya mlango. Nafasi inapendeza, gari linapakwa rangi, raba mpya inavalishwa, na mlango unatoka nje kwa milimita 6. Raba mpya ni ngumu na inasukuma. Ivalishe sasa, funga mlango, uache hivyo siku mbili tatu, ndipo upime.

*Umefaulu ikiwa:* baada ya vioo kuwekwa, mlango wa pili unagoma kufunga vioo vikiwa juu, ukishusha kimoja kidogo unafunga kwa mlio mmoja mzito. Ni hewa inayokosa pa kutokea. Beetle isiyovuja ndivyo ilivyo, na ukiisikia sauti hiyo utatabasamu.

Hatua ya 6: Chasi na breki

Hapa nitapita haraka kwa kuwa kazi ni ya kawaida. Bodi ikiwa nje tena, safisha chasi hadi chuma, paka epoksi, kisha rangi nyeusi. Badilisha mipira yote ya breki, silinda za magurudumu na silinda kuu. Paipu za chuma zenye kutu usizisamehe hata moja.

Vumbi la breki za zamani huenda lina asbesto. Usilipulize kwa kompresa. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa, kitupe kitambaa.

Unapotoa hewa kwenye breki, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Kwa gari la usukani wa kulia, hilo ni la nyuma kushoto.

Hatua ya 7: Injini

Injini ya Beetle inashikwa na bolti 4 tu, ndiyo maana kila mtu hudhani anaiweza. Unaiweza, ila usiruke vipimo.

Uchezaji wa kranki mbele na nyuma uwe kati ya milimita 0.07 na 0.13. Unarekebishwa kwa washa 3 nyembamba nyuma ya flaiwili. Ukikuta umezidi sana hata kwa washa nene, kasha limeliwa, na hapo ni kazi ya karakana yenye mashine.

Nafasi ya valvu iwe milimita 0.15, injini ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku mzima. Nafasi ya platini (vile vidole vya kukata umeme ndani ya dispita, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) iwe milimita 0.4. Oili ni lita 2.5, na isizidi. Mkanda wa feni ukiusukuma kwa kidole gumba uingie kama milimita 15.

Sasa mabati yanayoizunguka injini. Watu huyaacha kwenye sanduku kwa kuona hayana kazi. Injini hii haina maji, inapozwa na upepo tu. Yale mabati, na ile raba inayoizunguka injini yote, ndiyo yanayotenganisha hewa baridi ya juu na hewa moto ya chini. Ukiyaacha, feni itavuta moto ule ule iliyoutoa, na silinda namba 3 ndiyo itakayolia kwanza. Yarudishe yote, yapake nyeusi. Yale ya kromu yanayouzwa kama mapambo huhifadhi joto, na mwamuzi anayejua Beetle atakukata alama.

Mpira wa petroli: weka mpya, na klipu kila upande. Hakikisha kile kibomba cha shaba kinachoingia kwenye karbureta hakichezi. Kikichomoka, petroli hudondokea karibu kabisa na dispita yenye cheche. Magari mengi ya aina hii hayakumalizwa na kutu. Yameungua. Chujio la petroli usiliweke juu ya injini, liweke chini, karibu na gia boksi.

Hatua ya 8: Rangi

Tumefika kwenye vipele.

Puti ina unga wa ulanga ndani yake, na ulanga hunywa maji kama chapati inavyokunywa mchuzi. Fundi akipaka puti, akaisugua kwa msasa na maji ili vumbi lisimsumbue, maji yanaingia. Juu inakauka, ndani haikauki. Anapaka praima, anapaka rangi, unashangilia. Gari likisimama juani, maji yale yanageuka mvuke, yanatafuta njia ya kutoka, na njia yenyewe ni kupitia rangi yako. Ndiyo vile vipele unavyonitumia picha.

Praima ya kawaida nayo hupitisha unyevu. Bodi iliyopakwa hiyo ikaachwa nje msimu mzima wa mvua tayari ina kutu chini, hata kama kwa macho ni safi.

Kwa hiyo:

1. Chuma safi, epoksi siku hiyo hiyo. Ukimaliza kusafisha paneli, ifute kwa dawa ya kutoa mafuta, usiiguse tena kwa mikono mitupu, paka epoksi kabla ya jua kuzama. Ukiwa Mombasa, Tanga au Unguja, hesabu kwa saa, maana upepo wa bahari hauna subira.
2. Puti juu ya epoksi. Kwangua epoksi kidogo kwa msasa wa 180, kisha paka puti. Isizidi milimita 2 au 3. Mahali panapohitaji zaidi, rudi ukanyooshe bati kwa nyundo.
3. Sugua puti kavu kavu. Msasa wa 80, kisha 180, ukiwa kwenye kibao kirefu, ukivuta kwa mshazari. Kamwe usitumie kiganja. Kiganja hufuata mabonde badala ya kuyaondoa. Maji hayaruhusiwi hapa hata tone.
4. Praima ya kujaza, mikono 2 hadi 3. Iache ikauke kama kopo linavyosema, siyo kama fundi anavyosema.
5. Vumbi la rangi nyeusi. Puliza rangi nyeusi kwa mbali, kidogo tu, kisha sugua kwa kibao na msasa wa 320 au 400. Weusi utakaobaki ni bonde, chuma kitakachojitokeza ni kilima. Sasa unaweza kutumia maji kwa 600, mradi puti haijatokeza tena. Ikitokeza, kausha, paka praima pale, urudie.
6. Rangi. Mwaga maji sakafuni kushika vumbi. Chagua siku kavu, epuka mvua za Machi hadi Mei. Paka milango, madigadi na boneti zikiwa zimetolewa, ili rangi ifike kwenye kingo za ndani.

Klia au hapana? Rangi za kawaida za Beetle kiwandani, zisizo na chembe za metali, hazikuwa na klia. Zilikuwa na mng'ao wao wenyewe, laini, si wa kioo. Mimi hupaka rangi ya mng'ao wa moja kwa moja kwa gari la mashindano. Wapo wanaobisha kwamba klia hudumu juani, na wana haki. Amua kulingana na kanuni za mashindano unayoyalenga.

Onyo ambalo sitalipunguza makali: hadina ya rangi na klia ina kemikali iitwayo isosianeti. Ukiivuta inaweza kukuachia pumu ya maisha, na barakoa ya vumbi au leso haizuii chochote. Inahitajika barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kama huna, peleka gari kwa mwenye chumba cha rangi na vifaa. Si aibu.

Ikikauka barabara, sugua kwa maji na 1500, 2000, 3000, kisha dawa ya kung'arisha. Kwenye kingo na mikunjo bandika utepe kwanza, maana hapo rangi ni nyembamba na mashine huila mara moja.

*Umefaulu ikiwa:* ukisimama pembeni na kutazama taa ya dari ikijionyesha kwenye mlango, mstari wake haujapindapinda.

Hatua ya 9: Kuunganisha

Kati ya bodi na chasi kuna raba. Weka mpya. Kati ya madigadi na bodi kuna utepe. Tafuta kama mwaka wa gari lako ulitoka na utepe mweusi au wa rangi ya bodi.

Kioo cha mbele: valisha raba kwenye kioo kikiwa mezani, chomeka chrome yake, kisha zungusha kamba nyembamba ndani ya mfereji wa raba, ncha zipishane chini katikati. Paka maji ya sabuni. Mmoja anasukuma kioo taratibu kwa viganja kutoka nje, mwingine yuko ndani anavuta kamba sambamba na bodi. Mdomo wa raba unaruka juu ya ukingo kidogo kidogo, tak, tak, tak, ukifuata kamba. Ukisikia kimya, acha. Umebana mahali. Usipige ngumi.

Waya: nunua seti mpya iliyo kamili kuliko kuunga za zamani. Kwangua rangi kwenye sehemu za kufungia waya za ardhi (zinazounganisha umeme na bodi), la sivyo taa zitafifia na utalaumu jenereta. Magari ya zamani zaidi ni ya volti 6, kwa hiyo hakikisha balbu unazonunua.

Na kifuniko cha plastiki cha betri kirudi mahali pake. Springi za siti ya nyuma zikigusa nguzo za betri pale abiria anapokaa, siti hushika moto.

Hatua ya 10: Kujiandaa kwa waamuzi

Omba kanuni na fomu ya alama mapema. Utashangaa alama ngapi ziko mahali usipopatazama: chini ya gari, ndani ya madigadi, kwenye buti, jeki na spana za kiwandani.

Mara ya kwanza niliposhindana, mwamuzi hakuangalia rangi kabisa. Alipiga goti, akapitisha kidole ndani ya ukingo wa madigadi ya nyuma, akakitazama, akanionyesha bila kusema neno. Kahawia. Nilikuwa nimeendesha gari hadi uwanjani kwenye njia ya vumbi. Siku hizi hubeba ndoo, brashi ya meno, vijiti vya pamba vya masikio na vitambaa 10, na huanza usafi upya pale pale uwanjani saa kumi na mbili asubuhi.

Jaribu taa zote, honi, waipa, na hata taa ndogo ya ndani. Tairi zisiwe na mafuta ya kung'aa yanayodondoka. Chini ya injini pasiwe na tone la oili, na kadibodi ya kuficha tone haimdanganyi mtu.

Ukirudi nyumbani, toa waya wa betri na uliweke gari chini ya paa lenye hewa. Usilifunike kwa turubai la nailoni. Turubai hilo linafungia unyevu, jua linaupika, na baada ya mvua moja utanitumia picha ya vipele.